Babu wa Kiskoti Asiyeonekana Vitabuni: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kumfikia

Uskoti ni miongoni mwa nchi zilizotunza kumbukumbu za watu wa kawaida kwa uangalifu mkubwa. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na kabla ya hapo Kanisa la Uskoti lilikuwa na vitabu vya parokia, vipatavyo 3,500, ambavyo cha kale zaidi ni kile cha Errol, Perthshire, kinachoanzia mwaka 1553. Vyote vimekusanywa Edinburgh chini ya taasisi ya National Records of Scotland, na picha za kurasa zake zinapatikana kupitia tovuti ya ScotlandsPeople. Kwa hiyo mtafiti anapoandika jina la babu yake na kuambiwa kuwa hakuna matokeo, hushtuka na kuamini kwamba masimulizi ya nyumbani yalikuwa ya uongo.

Kabla ya kufikia uamuzi huo inafaa kutofautisha hali nne zinazofanana kwa nje: huenda mtu huyo hakuandikwa kamwe, huenda aliandikwa kwa jina jingine, huenda aliandikwa mahali pengine, au ameandikwa lakini amefichwa na majina ya watu wengine wanaofanana naye. Kila hali ina tiba yake, na tiba ya moja haisaidii nyingine. Kutafuta katika faharasa za tovuti hiyo ni bure, lakini kufungua picha ya ukurasa hulipiwa, hivyo anayebahatisha huishia kununua kurasa za watu wasiomhusu.

Dalili ya kwanza: mahali panajulikana, mwaka unajulikana, jina halipo

Chanzo cha kawaida ni tahajia. Makarani na wachungaji waliandika walivyosikia, na familia nyingi hazikuwa na umbo moja la jina lake hadi karne ya 19 ilipokaribia kwisha. Mfano tunaoufahamu Afrika Mashariki ni David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre, Lanarkshire, mwaka 1813. Jina lake liliandikwa Livingston, bila ile e ya mwisho, kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, kando ya Mull, akahamia Blantyre mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya kazi za viwanda vya pamba; na huko Argyll, kaunti ya visiwa hivyo, watu wa ukoo huo waliweza kuandikwa kwa umbo la Kigaeli, lugha ya asili ya eneo hilo, kama McLea, ambalo halifanani hata kidogo na Livingstone. Mtafiti anayeng'ang'ania herufi zilizochongwa kwenye sanamu za mpelelezi huyo hatavuka kizazi cha pili.

Tiba ni kutumia alama ya nyota badala ya herufi zenye utata, kujaribu jina la ukoo pamoja na Mc, Mac na bila kiambishi chochote, na kisha kuacha jina la ukoo kabisa na kutafuta kwa jina la kwanza, parokia na miaka michache tu. Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu parokia nyingi za mashambani zilikuwa ndogo kiasi kwamba wote walioitwa Hector katika miaka mitano wanatosha kusomwa kwa muda mfupi.

Majina ya kwanza nayo hayakutulia. Katika maeneo ya Kigaeli mchungaji alisikia jina la Kigaeli akaandika la Kiingereza alilodhani linalingana nalo, na mchungaji aliyemfuata akachagua jingine. Donald na Daniel ni mtu yuleyule mara nyingi, kama walivyo Peter na Patrick. Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi: Jean, Jane, Janet na Jessie huingiliana, Euphemia hugeuka Effie na mara nyingine Henrietta, Marion na Sarah hubadilishana katika visiwa vya magharibi, Isabella na Elizabeth hushirikiana vifupisho. Asiyejua hili humuua bibi mmoja na kumzaa mwingine katika daftari lake, kumbe ni mke yuleyule wa mume yuleyule.

Kuna vyanzo viwili vya pembeni vya kukumbukwa. Katika Shetland watoto waliendelea kuitwa kwa jina la baba, kizazi baada ya kizazi, hadi ndani ya karne ya 19, hivyo mtoto wa mtu aliyeitwa Magnus alikuwa Magnusson au Manson, na mjukuu akabeba jina jingine. Nao ukoo wa MacGregor ulipigwa marufuku kutumia jina lake mwaka 1603, na ingawa marufuku hiyo iliwahi kulegezwa, haikuondolewa kwa mara ya mwisho hadi 1774; katikati ya miaka hiyo watu wake waliishi wakiitwa Campbell, Drummond, Graham, Grant au Murray. Ikiwa ukoo wako ni MacGregor na uzi unakatika mwaka 1775, tatizo haliko kwenye faharasa.

Dalili ya pili: jina lipo, tena mara nyingi mno

Hii ndiyo dalili inayowaponza watafiti wengi, kwa sababu haionekani kuwa ni ugonjwa. Mtu hutafuta John Campbell aliyezaliwa Argyll karibu na mwaka 1820, hupata orodha ndefu, huchagua aliye karibu zaidi na mwaka wake, na kuanzia hapo hujenga ukoo wa familia nyingine.

Silaha kubwa hapa ni desturi ya Waskoti ya kutomfuta mwanamke. Mke wa Kiskoti aliendelea kutajwa kwa jina la ukoo wa baba yake katika ubatizo wa watoto wake, katika usajili wa serikali na hata kwenye jiwe la kaburi, ambapo husomeka kwamba hapa amelala fulani bin fulani na mkewe, na mke hutajwa kwa jina la kwao. Kwa hiyo usitafute John Campbell peke yake. Tafuta jozi ya John Campbell na mke wake, tuseme Flora McPhail, kwa kuangalia ubatizo wa watoto wao wote. Majina mawili ya ukoo yakikutana katika parokia moja, orodha ndefu hupungua ghafla na kubaki familia moja au mbili.

Cheti cha kifo cha baada ya 1855 ndicho ufunguo wa kuingilia nyuma, kwa kuwa kinataja jina la baba wa marehemu na kazi yake, na jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa. Mtu aliyekufa mwaka 1862 akiwa na miaka 80 anakupeleka kwa wazazi walioishi katika karne ya 18, ilhali kule Uingereza cheti cha wakati huo hakitakwambia chochote kuhusu wazazi wa mzee huyo. Hata hivyo tazama safu ya mtoa taarifa kabla ya kuamini. Kama aliyesaini ni mwana aliyekuwa akiishi na marehemu, taarifa ni nzito. Kama ni mkwe au jirani, jina la mama wa marehemu laweza kuwa la kubahatisha, na wakati mwingine mtoa taarifa alitaja kwa haraka jina la mama yake mwenyewe.

Waliosajiliwa mwaka 1855 wenyewe ni hazina. Fomu za mwaka huo mmoja ziliuliza mambo mengi kupita kiasi: cheti cha kuzaliwa kilitaka umri na mahali walipozaliwa wazazi, mwaka na mahali walipooana, na idadi ya watoto waliotangulia, cheti cha kifo kilitaka mahali alipozaliwa marehemu, muda aliokaa wilayani, majina ya watoto wake pamoja na umri wao, na mahali alipozikwa. Wasajili walilalamika, na mwaka uliofuata fomu zikapunguzwa. Kwa sababu hiyo, hata kama babu yako mwenyewe hakuzaa, kuoa wala kufa mwaka 1855, mtafute kaka yake au dada yake aliyefanya mojawapo, kwa kuwa wazazi ni walewale.

Desturi ya kurithisha majina nayo husaidia, mradi itumike kama kiashiria na isichukuliwe kuwa ushahidi. Kwa kawaida mwana wa kwanza aliitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, wa tatu kwa baba mwenyewe. Binti wa kwanza aliitwa kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba, wa tatu kwa mama. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili, kwani jamii nyingi zetu huwarudisha babu na bibi kwa namna hiyohiyo. Tahadhari ni kwamba mtoto akifa, jina lake lilipewa mdogo wake, hivyo ubatizo wa kwanza unaolingana na jina unalotafuta waweza kuwa wa mtoto aliyefariki mapema.

Dalili ya tatu: uzi unakatika kabla ya 1855

Hapa mtu ameshafuatilia vizuri kupitia sensa na vyeti, anajua parokia, anajua wazazi, lakini kitabu cha ubatizo hakimtaji mtoto. Chunguza kwanza kama kitabu chenyewe kipo kwa mwaka huo. Parokia kadhaa za Nyanda za Juu na visiwa vya Hebrides hazikuwa na kitabu kinachofaa hadi karne ya 19 ilipoingia, na nyingine zina mapengo ya miaka mingi kwa sababu karani alikufa, kitabu kililowa au mchungaji hakujali.

Kama kitabu kipo, angalia tarehe. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na ushuru wa peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au maziko yaliyoandikwa, na wakulima maskini wenye watoto wengi waliona ni afadhali kubatiza bila kuandikisha. Wengine waliandikisha baadaye kwa mkupuo: si ajabu kukuta ukurasa mmoja wenye watoto sita wa nyumba moja, mwandiko mmoja, wino mmoja, tarehe za kuzaliwa zikiwa zimetawanyika kwa zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana inafaa kuongeza miaka ya utafutaji mbele kuliko inavyoonekana kuwa ni lazima. Aidha, baada ya 1855 liliandaliwa daftari la matukio yaliyosahauliwa ya miaka 1801 hadi 1854, na wachache hukumbuka kuliangalia.

Chanzo kilicho kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kanisa lenyewe. Vitabu vya parokia ni vya kanisa la taifa tu, wakati Waskoti walikuwa wakijitenga nalo tangu 1733, tena mwaka 1761, na kwa kishindo mwezi Mei 1843, wachungaji zaidi ya 450 walipoondoka na kuanzisha Kanisa Huru. Alexander Mackay, mmisionari aliyefahamika sana Uganda na aliyefariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890, alizaliwa Rhynie, Aberdeenshire, mwaka 1849, na baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru. Anayemtafuta mtoto wa nyumba ya namna hiyo katika kitabu cha kanisa la taifa anagonga mlango usiokuwa wake. Jiulize basi ni kanisa gani lililofungisha ndoa ya watoto wa familia baada ya 1855, kwa kuwa cheti cha ndoa kinataja taratibu za dhehebu lililotumika, kisha rudi nyuma na kutafuta vitabu vya dhehebu hilo. Kwa Wakatoliki, hasa wa Barra, Uist ya Kusini na wahamiaji wa Kiayalandi, vitabu vyao viko tofauti na vingi vimewekwa kwenye tovuti hiyohiyo.

Vitabu vyote vikishindwa, hama kutoka kanisani uende kwa mwenye ardhi. Duke wa Argyll, kwa mfano, aliamuru watu wa mashamba yake waorodheshwe mwaka 1779, kijiji kwa kijiji, pamoja na umri wao, na orodha hiyo inagusa sehemu za Mull na Tiree ambako vitabu vya kanisa havina msaada mkubwa.

Dalili ya nne: ndoa haipatikani

Kabla ya 1855 kilichoandikwa mara nyingi ni tangazo la ndoa kanisani na pesa iliyowekwa kama dhamana, wala si ndoa yenyewe. Tangazo lilisomwa katika parokia ya bwana na ya bibi, hivyo angalia zote mbili. Mara nyingi moja inataja majina tu na nyingine inamtaja baba wa bibi arusi na shamba alilokaa.

Ikiwa hakuna tangazo popote, yawezekana hapakuwa na kanisa lolote katika shughuli hiyo. Sheria ya Uskoti iliitambua ndoa ya watu wawili waliokubaliana mbele ya mashahidi, bila mchungaji, hadi Julai 1940. Gretna Green, kijiji cha mpakani, ndiyo iliyopata umaarufu kwa ajili ya Waingereza waliokimbia sheria za kwao, lakini Waskoti wenyewe walifanya hivyo katika miji yao. Wazee wa kanisa waliwaita wenzi kama hao, wakawatoza faini, na kwa kufanya hivyo wakatuachia maandishi. Katika Glasgow ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wenzi walitoa tamko mbele ya mashahidi na kisha wakapata kibali cha hakimu ili ndoa isajiliwe. Cheti cha aina hii hakitaji mchungaji, na hiyo si dosari.

Dalili ya tano: nafasi ya baba iko wazi

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa baada ya 1855 hakuandikiwa jina la baba isipokuwa baba mwenyewe alifika na kusaini pamoja na mama. Kabla ya kukata tamaa tazama pambizo la ukurasa. Kama kuna maelezo mafupi yanayotaja daftari la marekebisho, lifungue daftari hilo, kwa sababu mama alipomshtaki mwanamume mahakamani na kushinda, hukumu iliingizwa humo pamoja na jina, kazi na makazi yake.

Kwa watoto wa kabla ya hapo, hata kwa baadhi ya waliozaliwa baadaye, nenda kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Baraza hilo lilikuwa mahakama ya maadili ya parokia. Mwanamke aliitwa, akaulizwa baba wa mtoto ni nani na walikutana wapi; mwanamume aliyetajwa akaitwa, akakubali au akakana; shauri likaahirishwa, mashahidi wakaletwa, na yote yakaandikwa na karani kwa utulivu wa kutisha. Ni usomaji unaotia huruma kwa yule mama, lakini kwa mjukuu wa sita anayetafuta jina moja hakuna nyaraka iliyo wazi zaidi. Tangu 2021 sehemu kubwa ya kumbukumbu hizi inaonekana kwenye ScotlandsPeople, ingawa nyingi hazina faharasa ya majina: unachagua parokia, unakisia miezi kabla na baada ya kuzaliwa, na kusoma ukurasa kwa ukurasa.

Dalili ya sita: umri na mahali pa kuzaliwa havipatani

Sensa ya Juni 1841 iliwaelekeza makarani kushusha umri wa wenye zaidi ya miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake, kwa hiyo mtu wa miaka 34 anaonekana ana 30. Sensa hiyo pia haitaji uhusiano wa watu ndani ya nyumba wala parokia ya kuzaliwa, bali kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyo au la. Kuanzia 1851 mambo hayo huandikwa. Tofauti ya miaka miwili au mitatu baina ya sensa isikusumbue. Tofauti ya kaunti ndiyo ya kuchunguza, na mara nyingi chanzo chake ni majina ya parokia yanayojirudia. Kirkmichael iko Ayrshire, iko Banffshire, iko Dumfriesshire na iko Perthshire.

Dalili ya saba: mtu ametoweka kabisa

Mtu wa visiwani aliyetoweka baada ya sensa moja ana uwezekano mkubwa wa kuwa Glasgow au Greenock kuliko Kanada, kinyume na wanavyosimulia wajukuu. Sheria ya maskini ya 1845 ilimlazimu mwombaji wa msaada kuthibitisha kuwa parokia fulani inawajibika kwake, ama kwa kuzaliwa hapo ama kwa kuishi hapo miaka mitano, na ndiyo maana maafisa walimhoji kila mwombaji kuhusu alikozaliwa, wazazi wake, mke wake na nyumba alizopanga. Maombi ya Glasgow yamehifadhiwa katika Mitchell Library mjini humo, na kwa Mgaeli au Muayalandi ambaye kitabu cha kwao hakikumwandika, mahojiano hayo yaweza kuwa maandishi pekee yanayotaja kijiji chake.

Aliyekuwa na mali kidogo hutafutwa katika hati za mirathi, lakini hapo kuna mtego: hadi 1868 ardhi haikuweza kuachwa kwa wosia, ikimwendea mwana wa kwanza moja kwa moja. Mwana huyo anaweza asitajwe kabisa katika mirathi ya baba yake, na watafiti humwona kama aliyekufa au aliyekataliwa. Mtafute katika kumbukumbu za warithi waliothibitishwa na katika rejista ya ardhi iliyoanza 1617.

Na kwa wale ambao babu yao wa Kiskoti alikuja Zanzibar, Mombasa au Blantyre ya Malawi akafia huku, usitafute kifo chake katika wilaya aliyozaliwa. Mskoti aliyefariki nje ya nchi akiwa ameacha mali Uskoti, mirathi yake ilithibitishwa Edinburgh, hata kama kwao kulikuwa Orkney. Na jina lake lina nafasi nzuri ya kuonekana kwenye jiwe la kaburi la wazazi wake, likiwa limeongezwa chini ya majina yao pamoja na mwaka na mahali alipofia.